Muulize Fundi: PuTTY imekataa ufunguo wangu

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za watu wanaohangaika na PuTTY, ile programu ya Windows inayotumia SSH (njia ya siri ya kuongoza kompyuta nyingine kwa mtandao), na haya mambo ya kuingia kwenye seva iliyo mbali, nikaona niziweke pamoja maana matatizo yenyewe ni ya ukoo mmoja. Nyingine nimezifupisha, na majina ya watu na kampuni sijaweka. Kama unatumia Linux au Mac, au unaandika tu ssh kwenye PowerShell ya Windows, usiruke ukurasa, mambo ni yaleyale na wewe nitakugusa.

*

Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Morogoro, nimekodi kaseva kadogo ka Ubuntu ka kufanyia mazoezi. Nimetengeneza ufunguo kwa PuTTYgen, nikasevu public key, nikaipandisha kwenye seva nikaiweka ndani ya authorized_keys, lakini kila nikiingia PuTTY inaandika "Server refused our key" halafu inaniomba paswedi. Nimefuta nimerudia mara nne, siku ya pili sasa. Nimekosea wapi?

Marahaba mwanangu, na pole. Hapo wamekwama wengi kabla yako na mimi nikiwemo, kwa sababu PuTTYgen, ile programu ya kutengenezea funguo inayokuja na PuTTY, yenyewe inakuelekeza kwenye shimo. Ufunguo ni jozi: wa siri unabaki kwako, wa wazi (public key) unaenda kwenye seva. Ukishatengeneza ufunguo, pale juu kuna kisanduku chenye maandishi yanayoanza na ssh-ed25519 au ssh-rsa, na chini kuna kitufe kimeandikwa "Save public key". Mtu yeyote atabofya kile kitufe, si kimeandikwa hivyo? Sasa kile kitufe kinatoa faili la mtindo mwingine. Lifungue kwa Notepad uone, mstari wa kwanza utakuta hivi:

---- BEGIN SSH2 PUBLIC KEY ----

Seva yako inatumia OpenSSH, programu ya SSH ya upande wa seva, na OpenSSH kwenye authorized_keys, yaani orodha ya funguo zinazoruhusiwa kuingia, inataka ufunguo mmoja mstari mmoja: kwanza aina ya ufunguo, nafasi, yale maandishi marefu, nafasi, halafu jina lolote la kukukumbusha ni ufunguo wa nani. Ikikuta ile BEGIN na mistari yake iliyokatwakatwa haielewi kitu, inaruka, haikuelezi sababu, inasema tu imekataa. Ndo maana umerudia mara nne na mara zote nne jibu ni lilelile, ulikuwa unarudia jambo sahihi kwa faili lisilo sahihi.

Dawa ni hii. Fungua PuTTYgen, bofya "Load" uchague lile faili lako la .ppk (ndimo ulimo ufunguo wako wa siri), halafu nenda kwenye kile kisanduku cha juu, bofya ndani yake, bonyeza Ctrl+A halafu Ctrl+C. Usiburute na mausi, kile kisanduku ni kidogo na ufunguo wa RSA ni mrefu, watu wengi wanakopi nusu bila kujua. Ingia kwenye seva kwa paswedi, fungua authorized_keys kwa nano (programu ya kuhariri maandishi kwenye seva), futa vyote ulivyoweka, pesti kwa kubofya kitufe cha kulia cha mausi (kwenye PuTTY kitufe cha kulia ndo kupesti, Ctrl+V haifanyi hivyo), sevu. Halafu hakikisha:

wc -l ~/.ssh/authorized_keys

Ikikujibu 1 umepatia. Ikikujibu 5 au zaidi bado umeweka lile faili la BEGIN. Na kama hutaki kupesti kabisa, lile faili ulilopandisha linageuzika hukohuko kwenye seva kwa ssh-keygen -i -f jina_la_faili, litakutolea mstari mmoja safi.

Likikataa bado, jambo la pili ni ruhusa za mafolda, na hapa nakuuliza kabisa mwanangu, uliwahi kupiga chmod 777 (ruhusa ya kila mtu kusoma na kuandika) kwenye folda lako la nyumbani ili website ifunguke? Nauliza kwa sababu ushauri huo umezagaa kila mahali. Seva ya OpenSSH kabla haijasoma authorized_keys yako inaangalia kwanza kama mtu mwingine anaweza kuandika humo, ikiona folda la nyumbani au la .ssh liko wazi kwa kila mtu inagoma, na inagoma kwa haki kabisa, maana kama jirani anaweza kuongeza mstari wake kwenye orodha yako ya funguo basi huyo jirani ni wewe. Rudisha hivi:

chmod 755 ~
chmod 700 ~/.ssh
chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys

Na ukitaka kuona sababu kwa macho yako badala ya kubahatisha, kwenye Ubuntu angalia /var/log/auth.log kwa sudo (amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi) mara tu baada ya kujaribu kuingia. Tatizo likiwa la ruhusa utakuta wameandika "Authentication refused: bad ownership or modes", na folda lenyewe wamelitaja. Upande wa PuTTY wanakuficha sababu makusudi ili mvamizi asiambiwe amekosea wapi, lakini upande wa seva kila kitu kimeandikwa, kwa hiyo uwe na mazoea ya kusoma logi kabla hujafuta na kuanza upya.

La tatu, na hili linawapata wenye funguo za RSA, zile zinazoanza na ssh-rsa: angalia toleo la PuTTY yako, kwenye lile dirisha la mwanzo kuna kitufe cha "About" chini kushoto. Tangu OpenSSH 8.8 ya mwaka 2021 seva hazipokei tena sahihi (saini) za RSA za mtindo wa zamani wa SHA-1, na Ubuntu 22.04 inakuja na OpenSSH 8.9. PuTTY ilianza kutumia mtindo mpya kwenye toleo la 0.75, mwaka huohuo wa 2021. Kwa hiyo mtu ana PuTTY aliyokopiwa kwenye flashi miaka hiyo, ufunguo wake ni mzima, seva ni nzima, na bado wanakataana. Pakua mpya, na pakua kwa wenyewe, kwenye ukurasa wa Simon Tatham ulioko chiark.greenend.org.uk, huyo Mwingereza ndo aliyeiandika na mpaka leo inatolewa bure. Usichukue popote unapokutana napo, mwaka 2015 Symantec walitangaza kuna nakala ya PuTTY iliyochezewa inazunguka, unaingiza jina na paswedi ya seva yako na yenyewe inazipeleka kwa mwizi, huku wewe unaona umeingia kama kawaida.

Na ukitengeneza ufunguo mwingine chagua Ed25519, ni mfupi na wa wazi wake unaenea kwenye mstari mmoja wa skrini.

*

Mambo vipi fundi. Mimi kila nikibadilisha rangi na ukubwa wa maandishi kwenye PuTTY, nikifungua kesho yake vimepotea. Kigoma.

Poa ndugu yangu. Unabadilisha halafu unabofya "Open" moja kwa moja, sivyo? PuTTY haikumbuki kitu mpaka uiambie. Utaratibu ni huu: kwanza bofya jina la sesheni yako kwenye orodha na ubofye "Load", nenda ukabadilishe unachotaka, halafu lazima urudi juu kabisa kwenye "Session" ubofye "Save", ndo ufungue. Ukitaka mabadiliko yakae kwa kila sesheni mpya utakayotengeneza fanya hivyohivyo kwenye ile iliyoandikwa "Default Settings". Na ukiwa humo ongeza "Lines of scrollback" kwenye "Window", inakuja na mistari 2000, mi naweka 20000 ili nikipandisha juu nikute nilichofanya asubuhi. Jua pia kwamba hizo sesheni haziko kwenye faili, zimo kwenye rejista ya Windows, kwa hiyo siku ukibadilisha kompyuta kukopi putty.exe peke yake hakuzihamishi. Unafungua regedit, unaenda HKEY_CURRENT_USER\Software\SimonTatham, una-export.

*

Fundi habari za kazi. Niko Mbeya, natumia intaneti ya simu, naweka bando la wiki. Nikiwa nimeingia kwenye seva nikiacha dakika chache kuongea na mteja nikirudi skrini imeganda, nabonyeza haiitiki, baadaye inasema "Software caused connection abort". Juzi imenikatia katikati ya apt upgrade (kusasisha programu za seva) na umeme nao ukakatika, seva ikabaki nusu nusu. Hii ni PuTTY mbovu au mtandao?

Nzuri ndugu, na pole kwa hiyo apt, hiyo inauma. PuTTY ni nzima. Mtandao wa simu unaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kila muunganisho unaandikwa kwenye daftari lao, nani anaongea na nani. Muunganisho ukikaa kimya muda fulani wanaufuta kwenye daftari ili kupata nafasi, hawakuambii wewe wala hawaiambii seva. We unarudi unabonyeza, ujumbe unafika kwao hawajui wa nani, ndo huo ukimya unaouona.

Kwa hiyo usiwe kimya. Kwenye PuTTY nenda "Connection", pale "Seconds between keepalives" pameandikwa 0, weka 30, halafu usisahau kusevu kama nilivyomwambia ndugu wa Kigoma. Kila sekunde 30 itatuma kijiujumbe kisicho na kitu, hakili bando la kukushtua, ila daftari linaona mko hai. Wa Linux, Mac na PowerShell andikeni kwenye faili la ~/.ssh/config:

Host duka
    HostName 203.0.113.10
    User fundi
    ServerAliveInterval 30
    ServerAliveCountMax 4

Kuanzia hapo unaandika ssh duka basi, IP huikariri tena. Lakini nikwambie na upande wake wa pili: mtandao wako ukiwa ni wa kuondoka kabisa dakika mbili tatu na kurudi, hizo jumbe zitagundua kwamba njia imekufa na zitakukatia wakati labda ungevumilia ungerudi ulipokuwa. Kwenye huo mfano wangu ni 30 mara 4, yaani dakika 2. Kama kwenu mnara unapotea mara kwa mara pandisha hiyo 4 iwe 20.

Hata hivyo keepalive haikuokoi na umeme. Kinachookoa kazi ni tmux, na hili ningetamani kila mtu anayefanya kazi kwa bando alijue kabla hajajifunza kitu kingine chochote. Ukiingia kwenye seva, kabla ya kugusa apt, andika:

tmux new -s kazi

Sasa kazi yako inaishi ndani ya seva, haiishi kwenye laptopu yako. Laptopu izime, bando liishe, PuTTY ifungwe, apt inaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Ukirudi, hata kesho yake, unaandika tmux attach -t kazi unakuta skrini ileile na mistari ileile. Kutoka kwa hiari ni Ctrl+B halafu d. Mimi mara ya kwanza nilijaribu kwa kuchomoa modemu makusudi, nikahesabu mpaka mia, nikarudisha, nikakuta apt imeshafika kwenye kifurushi cha mwisho, na tangu siku hiyo sijafanya apgredi nje ya tmux.

Ile seva iliyobaki nusu nusu ingia uipige sudo dpkg --configure -a halafu sudo apt -f install, mara nyingi inanyooka.

Na kabla hujalaumu mtandao kila skrini ikiganda, jaribu Ctrl+Q. Watu wanabonyeza Ctrl+S wakidhani wanasevu kama kwenye Word, na kwenye terminali Ctrl+S maana yake simamisha maandishi. Unaweza kukaa nusu saa umeganda na mtandao wako mzima kabisa.

*

Salaam aleikum ndugu fundi. Mimi niko Mombasa, natunza seva ya SACCO moja. Juzi asubuhi PuTTY ilinitolea kidirisha kimeandikwa WARNING - POTENTIAL SECURITY BREACH! Sijawahi kukiona. Mwenzangu akaniambia bonyeza tu Accept, huwa inatokea. Nikabonyeza, nikaingia kwa paswedi vizuri, lakini usiku sikupata usingizi. Nimefanya vibaya?

Waaleikum salaam dada. Huo wasiwasi wako usiupuuze, na mwenzako mwambie taratibu kwamba hapo amekuelekeza vibaya, maana kile kidirisha ndicho kitu pekee kinachosimama kati ya SACCO yenu na mtu aliyejiweka katikati ya njia.

SSH ilianzia Finland mwaka 1995. Tatu Ylönen alikuwa kwenye chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki, mtu akatega kwenye mtandao wa chuo programu ya kunasa paswedi, na enzi hizo watu wakiingia kwa telnet paswedi ilikuwa inapita njiani peupe kama barua isiyo na bahasha. Ylönen akaandika SSH ili yote yafichwe. Lakini kuficha peke yake hakutoshi dada, kwa sababu unaweza kufunga bahasha vizuri kabisa ukamkabidhi mtu siye. Kwa hiyo kila seva ina ufunguo wake yenyewe, na ufunguo huo una alama ya kidole, PuTTY mara ya kwanza inakuonyesha hiyo alama inakuuliza je ndiyo yenyewe, ukikubali inaiandika. Siku seva ikija na alama nyingine inapiga kelele. Kelele hizo zina maana moja kati ya mbili, ama seva imebadilika kweli, imewekwa upya au IP hiyo amepewa mtu mwingine, ama unaongea na seva isiyo yako.

Ukijua ni ipi kati ya hizo mbili utalala. Na unaweza kujua leo hii. Fungua PuTTY uiunganishe na seva, bofya kulia kwenye ule mstari wa juu wa dirisha, chagua "Event Log", tafuta palipoandikwa "Host key fingerprint is", utaona SHA256: na herufi nyingi baada yake. Ziandike. Halafu nenda kwenye tovuti ya mliokodi kwao seva, wengi wana konsoli ya kwenye brauza, ingia kwa njia hiyo na si kwa PuTTY, uandike:

ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

Kama Event Log ilisema ecdsa au rsa badilisha jina la faili lifanane. Linganisha herufi kwa herufi, zote, si nne za mwanzo na nne za mwisho. Zikifanana, alhamdulillahi, seva ni yenu, muulize aliyeiweka upya kwanini hakuwaambia. Zisipofanana paswedi uliyoandika juzi imeshasomwa na mwingine, kwa hiyo palepale kwenye konsoli badilisha paswedi hiyo na popote pengine ulipoitumia, andika last uone nani ameingia na saa ngapi, na mwambie mkubwa wako siku hiyohiyo, kuficha kutaongeza hasara.

Mambo haya hayawapati wadogo tu. Tarehe 24 Machi 2023 GitHub, tovuti ya kuhifadhia kodi za programu, walibadilisha ufunguo wao wa RSA wa seva baada ya ule wa siri kuonekana kwa muda mfupi kwenye hazina ya wazi, na watu dunia nzima wakaamka wakakuta onyo kama lako. Wao waliweka alama mpya kwenye tovuti yao, mwenye akili alienda akalinganisha kwanza.

Kuanzia sasa, kwa SACCO, mziandike alama za seva zenu kwenye karatasi mziweke kwenye kabati pamoja na hati nyingine. Na muingie kwa ufunguo badala ya paswedi. Paswedi ukimwandikia seva wa uongo umempa, ufunguo wa siri hautoki kwenye kompyuta yako kabisa, unachotuma ni sahihi ya muunganisho huo mmoja tu na hawezi kwenda kuitumia kwingine. Ila hata hapo usilale moja kwa moja, akikuruhusu kuingia kwake halafu ukaandika paswedi ya sudo ameipata, kwa hiyo kile kidirisha bado unakisoma.

*

Habari fundi. Sisi ni vijana watano Arusha tuna ofisi ya kutengeneza mifumo ya wateja, tuna seva saba. Wote tunatumia ufunguo mmoja wa .ppk tuliotumiana kwenye grupu la WhatsApp mwaka 2021. Mwenzetu mmoja ameondoka mwezi uliopita na hatukuachana vizuri. Mkubwa wetu anasema tubadilishe paswedi inatosha. Inatosha?

Nzuri vijana. Haitoshi, na naomba msisubiri wiki ijayo. Paswedi na ufunguo ni milango miwili, ukibadilisha kitasa cha mbele mwenye ufunguo wa nyuma anapita kama jana, hata mkiifunga paswedi kabisa. Na sisemi huyo mwenzenu ni mtu mbaya, simu yake inaweza kuibiwa stendi na ule .ppk umo kwenye faili za WhatsApp, pamoja na simu zenu nyie wanne na bakapu zake zote.

Kuna na lingine linaloniuma zaidi. Seva kila mtu akiingia inaandika kwenye auth.log "Accepted publickey for" fulani, na alama ya ufunguo uliotumika. Hiyo ni hazina. Siku data ya mteja ikifutwa unafungua logi unaona ni ufunguo wa nani, saa ngapi, kutoka IP ipi. Nyie mkifungua mtaona alama moja, ileile, mara elfu. Mtaanza kutazamana, na mtu asiye na kosa atashindwa kujitetea. Ufunguo ni wa mtu mmoja, tena wa mtu mmoja kwenye kompyuta moja, anayefanya kazi kwa laptopu na simu ana funguo mbili. Hauazimwi wala hautumwi.

Sasa kazi yenyewe. Kila mmoja akae kwenye kompyuta yake atengeneze Ed25519 wake, kwa PuTTYgen au kwa ssh-keygen -t ed25519, aweke neno la kuufungulia, na kwenye "Key comment" aandike jina lake na mashine. Neno la kufungulia likiwachosha kuliandika kila saa tumieni Pageant, inakuja na PuTTY, unaandika mara moja asubuhi inakaa mpaka uzime. Kinachotumwa kwenye grupu ni ule mstari mmoja wa wazi tu, huo hata ukiubandika ukutani hauna madhara. Kwenye seva kila mtu apate akaunti yake kwa adduser, na mstari wake kwenye authorized_keys yake.

Halafu ndo mje kufuta wa zamani, na hapa twendeni polepole. Miaka ya nyuma nilikuwa napanga seva ya duka moja la jumla, saa tano usiku tarehe 30, nikaweka ufunguo mpya, nikafuta wa zamani, nikazima paswedi, nikafunga dirisha nikaenda kulala. Ufunguo mpya niliupesti ukakosa herufi ya mwisho. Asubuhi siingii, konsoli ya brauza inataka paswedi ya root (akaunti kuu ya seva) ambayo hakuna aliyekuwa nayo, na mwenye duka aliandika risiti kwa mkono mpaka saa saba mchana, mwisho wa mwezi, foleni iko nje. Yule mzee hakunigombeza, alinipa kiti akaendelea kuandika, na ile picha sijaisahau. Kwa hiyo: dirisha mliloingilia lisifungwe. Fungua dirisha la pili, ingia kwa ufunguo mpya, jaribu na sudo, kila mmoja wenu wanne, kwenye kila seva kati ya saba. Yule wa nne akisema ameingia ndo mstari wa zamani unafutwa, na dirisha la kwanza bado liko wazi.

Msifute sehemu moja mkaridhika. Ule mstari unaweza kuwa umewekwa na kwa root na kwa akaunti nyingine, uoneni wote kwa pamoja:

sudo sh -c "cat /root/.ssh/authorized_keys /home/*/.ssh/authorized_keys"

Na kufuta mstari hakumtoi aliyekwisha kuingia, angalieni who kama kuna mtu msiyemtegemea. Mkitaka kuzima paswedi kabisa, na mnapaswa, PasswordAuthentication no kwenye /etc/ssh/sshd_config, lakini kwenye seva nyingi za Ubuntu za kukodi kuna faili la cloud-init (programu inayoandaa seva inapowashwa mara ya kwanza) ndani ya /etc/ssh/sshd_config.d/ lililoandika yes, na sshd, yaani ile programu ya SSH ya kwenye seva, inashika neno la kwanza inalokutana nalo, hilo linasomwa kabla ya lenu. Msiamini mlichoandika, iulizeni yenyewe inafuata nini:

sudo sshd -T | grep passwordauthentication

Mmoja wenu aangalie pia ufunguo wa zamani ni wa aina gani, ukianza na ecdsa-sha2-nistp521 ndo haraka zaidi. PuTTY toleo la 0.68 mpaka 0.80 zilikuwa na kosa kwenye aina hiyo peke yake, anayepata sahihi kama 60 hivi, kwa mfano mwenye seva mliyokuwa mnaingia, anaweza kukokotoa ufunguo wenu wa siri wote. Waligundua watafiti wa chuo kikuu cha Ruhr Bochum, Ujerumani, na 0.81 ya Aprili 2024 ilirekebisha. Ila kuapdeti PuTTY hakuuponyi ufunguo uliokwisha kutumika, ni wa kuondoa kila mahali ulipo, ikiwemo GitHub kama mliuweka.

Kuufuta WhatsApp msipoteze muda, nakala zake hamtazimaliza. Andikeni seva zote saba kwenye karatasi, na kila moja mkishamaliza chukueni ule .ppk wa zamani mjaribu kuingia nao. Ikiandika "Server refused our key", wekeni tiki, nendeni inayofuata.